Programu ya nyumba ya mirathi: mgao inaujua, boriti haizijui

Nianze na bei, maana ndiyo mnayouliza kwanza. Kuitengeneza programu hii, ya kusimamia kodi na mgao wa nyumba yetu ya mirathi, nimelipa shilingi milioni 2 na laki 8, na kila mwezi natoa elfu 40 ya seva na ya kuwaita watengenezaji wakati kitu kimegoma. Kwa nyumba moja ya gorofa mbili Kiponda, Mji Mkongwe, si pesa ndogo. Naitumia na siijutii, ila iko sehemu moja ya kazi yao nimeikataa mpaka leo, nitaifikia.

Waliotengeneza ni vijana watatu wa hapa hapa Unguja. Jina lao siliandiki, kwa sababu humu nawasifu na nawasema, na mji wenyewe huu mdogo.

Nyumba ni ya marehemu baba yetu. Chini duka, juu wapangaji wawili, mmoja kila gorofa. Usimamizi nimetwikwa mimi, nadhani kwa kuwa nimestaafu ukarani wa hesabu, na kwa kuwa ndugu zangu wengine hawataki kuonana jicho kwa jicho na mpangaji anayedaiwa. Baba aliacha mke, watoto wanaume watatu na wanawake wanne. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mama thumni yake, yaani moja ya nane, kilichobaki mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Ukiigawa nyumba mafungu 80, mama ana 10, kila kaka 14, na kila mmoja wetu sisi wanawake 7. Niliiandika nyuma ya daftari na ikatufaa miaka mingi.

Kisha akafariki kaka yetu wa kati, Mungu amrehemu. Kaacha mke, wavulana wawili na msichana mmoja, na mama yetu yuko hai, kwa hiyo naye anamrithi mwanawe sudusi, yaani moja ya sita. Hapo ndipo daftari liliponishinda. Mafungu 80 hayatoshi tena. Ili kila mtu apate namba kamili, nyumba sasa ina mafungu 4,800: mama 740, kaka wawili waliobaki 840 kila mmoja, sisi wanne 420 kila mmoja, wifi yangu 105, wanawe wa kiume 238 kila mmoja, na binti yake 119. Jumlisheni wenyewe.

Kabla ya vijana hawa nilikodi programu ya ofisi moja, si ya hapa visiwani, ya kulipia kwa mwezi. Michoro ya rangi, mishale ya kupanda na kushuka, uzuri mtupu. Lakini mwenye nyumba iliyomfikiria ni mtu mmoja, na ukiongeza wa pili inataka asilimia, tena desimali mbili tu. Nikaingiza: mama 15.42, kaka 17.5 na 17.5, sisi 8.75 mara nne, wifi 2.19, wavulana 4.96 kila mmoja, msichana 2.48. Ikanijibu jumla ni 100.01, haihifadhi. Nikaambiwa kwenye simu, "Mpunguzie mmoja wao kidogo." Nimpunguzie nani? Yatima? Nilipoacha kulipia, kumbukumbu zangu zote zikafungwa ndani, na risiti nilizokuwa nimepiga picha zimebaki huko huko.

Vijana walipokuja hawakunionesha picha za kwenye kompyuta. Walikaa barazani, wakaomba daftari, wakalisoma. Mmoja, mdogo wao, akauliza: "Mama, hisa hizi zimeanza tarehe gani?" Swali hilo ndilo lililowapa kazi.

Sababu ni hii. Mpangaji wa gorofa ya juu hulipa miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya wengi mjini. Kaka alifariki katikati ya miezi sita ambayo nilishaigawa yote. Kodi ya miezi iliyofuata haikuwa yake tena, ilikuwa ya warithi wake, na mimi nilishampa yeye. Yaliyotokea hapo ni ya nyumbani, siyaandiki. Katika programu hii kodi ya mbele haigawiwi ikiingia. Inakaa kama amana, na kila mwezi unatoka mwezi mmoja tu, unagawiwa kwa hisa zilizokuwa hai mwezi huo. Kila hisa ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na ya zamani haifutwi. Nikitaka mgao wa kabla ya msiba nauona kama ulivyokuwa.

Toleo lao la mwanzo lilitaka kurithisha lenyewe: unaandika nani kafa na nani kabaki, linakupa mafungu. Nikawaambia wanangu, hilo ondoeni. Yako madeni, uko wasia, wako jamaa wasiorithi kwa kuwa wa karibu zaidi wapo, na hayo yana watu wake na Mahkama ya Kadhi ipo. Programu ipokee mafungu kama yalivyo kwenye karatasi, ipige picha karatasi yenyewe, na ihakikishe hayazidi wala hayapungui. Walikubali bila ubishi, wakaongeza jambo ambalo sikuliwaza, kitufe cha "Zuia". Hisa ya marehemu inaendelea kuingiziwa fungu lake kila mwezi lakini halitoki kwa mtu yeyote mpaka madeni yamalizwe na karatasi ije. Kwa kitufe hicho peke yake mimi na wifi yangu tumebaki tunatembeleana.

Sasa mwezi wa kawaida unakwendaje. Duka 450,000, gorofa ya kwanza 400,000, ya pili 350,000, jumla milioni 1 na laki 2. Tumekubaliana moja ya tano ibaki mfuko wa matengenezo, yaani 240,000. Zinabaki 960,000, na ukizigawa kwa 4,800 kila fungu ni shilingi 200 kamili. Mama 148,000, binti wa marehemu 23,800, mimi 84,000 kwa kazi yote hii, haya. (Mambo ya mapato ya serikali nimeyaweka kando katika mfano huu, yana ukurasa wake na unafanya kazi.) Lakini mwezi kamili hivyo ni nadra, kwa sababu mwenye duka hulipa vipande vipande: leo laki, Ijumaa elfu hamsini, nyingine mpaka utume mtu. Programu inapokea vipande bila kelele na inajua deni limebaki kiasi gani.

Mwezi mmoja kilichopatikana cha kugawa kilikuwa 875,000. Nikajumlisha mgao kwa mkono, nikapata 875,002. Shilingi mbili hakuna anayeziokota, mtasema. Mimi nimekaa kwenye hesabu maisha yangu yote, na jumla isiyolingana na fedha iliyopo hainipi usingizi hata ikiwa ni senti. Ilikuwa inakadiria kila mtu peke yake, wa nusu shilingi anapandishwa. Walibadilisha siku ile ile: sasa kila mmoja anashushwa kwenye shilingi kamili na mabaki yanaingia mfuko wa matengenezo. Mwezi ule yalikuwa shilingi tano, na zimeandikwa.

Warithi kila mmoja ana kiungo chake kwenye simu, anaona kodi iliyoingia, risiti, na fungu lake. Dada yangu aliyeko Muscat zamani mwisho wa mwezi alikuwa na simu ndefu. Siku hizi ananipigia kuuliza hali. Risiti iliyoingizwa vibaya haifutiki, inabatilishwa tu, na sababu na jina la aliyebatilisha vinabaki. Wasimamizi wenzangu hapo watanuna. Mimi nimeona kinga yangu ndiyo hiyo.

Kilichonitia aibu ni ujumbe wa simu. Walipanga kodi ikichelewa programu imtumie mpangaji ujumbe yenyewe, na maneno waliyoyaweka ni haya: "Unadaiwa. Lipa ndani ya siku 3 kuepuka usumbufu." Ukaenda asubuhi ya sikukuu ya Idi kwa mzee wa gorofa ya kwanza, aliyeingia nyumba ile baba yuko hai. Alishuka na kanzu yake mpya, simu mkononi.

"Mwanangu, umeniandikia wewe haya?"

"Shikamoo mzee wangu. Si mimi, ni mashine."

"Marahaba. Mashine ndiyo inayonidai? Basi nitailipa yenyewe."

Alilipa wiki ile ile, kwangu, taslimu, na hakunywa chai. Sasa ujumbe unanisubiri mimi: programu inaniambia nani kachelewa, naandika maneno yangu mwenyewe, na nikitaka situmi, nakwenda.

Nije kwenye nilichokikataa. Sehemu ya matengenezo wameichukua, nahisi, kutoka kwenye programu za maghorofa mapya. Ukifungua inakupa uchague: bomba, umeme, rangi, kiyoyozi, lifti. Lifti, Kiponda! Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, boriti haifiki mbali. Ugonjwa wa nyumba hizi uko mahali pale pale: maji yanaingia juu ya ukuta, kichwa cha boriti kilichomo ndani ya ukuta kinaoza, na chini huoni kitu mpaka dari ipinde. Akija fundi akapiga plasta ya saruji juu ya chokaa, ndiyo kabisa, ukuta unashindwa kupumua na unyevu unabaki ndani na boriti. Kwa hiyo mimi nataka kujua boriti ipi ya chumba kipi imebadilishwa mwaka gani, na fundi alitumia chokaa au saruji. Programu haina pa kuandika hayo. Boriti nne za chumba cha mashariki nimeziingiza chini ya "Mengineyo", na kaka yangu aliyeko Dar es Salaam akauliza mara moja mengineyo ni kitu gani cha bei hiyo.

Tena nyumba iko ndani ya Mji Mkongwe, uliomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000. Huwezi kuamka ukabadilisha dirisha, kuna kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kibali hakina pa kubandikwa. Niliwauliza kwa nini, wakaniambia wateja wao wengine wako Fuoni na Chukwani, nje ya Mji Mkongwe, na hakuna aliyewahi kuwauliza hilo. Sawa, lakini mimi nimeuliza. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la hapa Mji Mkongwe, iliporomoka Disemba 25, 2020, nayo ilikuwa katika matengenezo. Mwenye nyumba ya mawe mjini hapa hahitaji kukumbushwa kiyoyozi. Anahitaji kukumbushwa apande juu atazame paa kabla ya masika.

Mengine madogo. Mita ya umeme ya Tukuza, ile ya kulipia kabla, gorofa mbili za juu wanachangia moja, na programu haijui kugawa, nimewaachia wapangaji wenyewe waelewane. Mtandao ukikatika simu inahifadhi risiti na kuzipeleka baadaye, hilo wamelipatia.

Jirani yangu mwenye haki kwenye nyumba ya wakf aliniuliza kama itamfaa. Nilimwambia bado. Nyumba ya wakf hairithiwi wala haiuzwi, wanaopokea kodi ni wale aliowataja mwenye kuweka wakf, na programu hii imefunga anayepokea na anayemiliki kuwa mtu mmoja. Vijana wanasema wanaweza kuvitenganisha. Kazi ipo, maana nyumba za wakf mji huu ni nyingi, na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana si ofisi ya jana.

Atakayewaita, au kuwaita wengine kama wao, asaini kwanza mambo mawili. Nywila kuu iwe mikononi mwake, si ya kijana aliyeandika programu. Na kila mwezi aletewe faili la kumbukumbu zake zote analoweza kulifungua kwenye Excel bila wao. Mkataba walionipa ulikuwa kimya kwa yote mawili. Niliyaandika kwa kalamu pembeni, tukatia saini wote, na faili linakuja tarehe mosi.

Kuwapata ni rahisi isipokuwa Ijumaa mchana, na hilo siwalaumu.

Kama una mpangaji mmoja na nyumba ni yako peke yako, usipoteze pesa, daftari linakutosha. Kama mna warithi zaidi ya watano, na mmoja keshafariki, waiteni. Toleo la matengenezo wameahidi kulileta kabla ya masika, bei tumepatana laki 6. Nimetoa tatu. Tatu nyingine zinasubiri orodha yenye boriti, chokaa na pa kubandika kibali, na lifti iwe imeondoka.