Programu ya mauzo yenye malipo ndani yake: uzoefu wangu wa duka la vifaa vya ujenzi, Lubumbashi

Nauza saruji, mabati, rangi na mabomba katika komini ya Kenya, Lubumbashi. Mafundi wa Katuba na Ruashi ndio wateja wangu wa kila siku; wa Likasi na Kipushi huagiza kwa WhatsApp. Tangu nianze kutumia programu ya mauzo yenye malipo ndani yake, wenye maduka wenzangu wananiuliza kama inafaa. Inafaa, tena sana, lakini kuichagua kunataka maswali ambayo wanaouza programu hizi hawayaleti wenyewe.

Zamani kaunta yangu ilikuwa na simu tatu: ya M-Pesa, ya Airtel Money na ya Orange Money. Msaidizi anasoma meseji, anaandika kwenye daftari, ndipo mzigo unatoka. Jioni tunalinganisha daftari na simu mpaka macho yanauma. Na meseji za uongo zipo: mtu anakuonyesha ujumbe wa malipo aliojiandikia mwenyewe, huku mkokoteni umeshapakiwa.

Sasa msaidizi anaingiza bidhaa na namba ya mteja. Simu ya mteja inamwomba akubali kiasi kwa namba yake ya siri. Kampuni ya simu ikithibitisha, risiti inatoka na mifuko ya saruji inapungua kwenye hesabu ya stoo papo hapo. Meseji ya mteja haina kazi tena; programu isipothibitisha, mzigo hautoki. Wa Likasi naye anapata ombi hilohilo akiwa kwake, analipa, napakia. Kwa hili peke yake ningeilipia.

Ugumu uko kwenye njia ambayo pesa inapita. Programu hizi zinasimama katikati, mara nyingi pamoja na kampuni nyingine inayounganisha mitandao yote ya simu. Mteja akilipa, pesa inaingia kwanza kwenye akaunti yao, halafu wanakutumia. Kijana mmoja aliyekuja kuniuzia nilimuuliza, "Mwanangu, makuta yangu, yaani pesa yangu, inalala wapi?" Akajibu, "Mama, usiwe na wasiwasi, utaiona kwenye skrini palepale." Nikaomba mkataba. Ulisema wanatuma baada ya siku tatu za kazi. Mabati niliyouza Ijumaa, pesa yake ingenifikia Jumatano, na mwenye lori la saruji anataka kulipwa Jumamosi asubuhi. Nikamshukuru, tukaachana. Niliyoichagua inatuma jioni ileile kwenye akaunti yangu ya simu, na nikitaka benki inafika siku ya kazi inayofuata. Komisheni yake ni kubwa kidogo kuliko ya yule kijana. Mwenye duka anayezungusha mtaji kila wiki afadhali alipe hiyo tofauti.

Wote niliwauliza pia ni nani hasa anayeishika pesa hiyo, na kama ana kibali cha Banque Centrale du Congo. Mifumo ya malipo nchini kwetu ina sheria yake, namba 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018. Kampuni iliyo sawa inakutajia jina la mshika pesa bila kuzunguka. Anayesema "hilo ni jambo la ofisi ya Kinshasa", mwache aende.

Jambo ambalo ningetaka kila mwenye duka wa Lubumbashi alielewe ni la dola na franka. M-Pesa yetu ina akaunti mbili, ya dola na ya franka, na wateja wanalipa kwa zote mbili. Programu zilizotengenezwa kwa nchi zenye sarafu moja zinabadilisha kila kitu kuwa dola, kwa bei yao wenyewe. Tuseme nimeuza bidhaa ya dola 20 kwa bei ya franka 2.300 kwa dola moja, mteja akalipa franka 46.000. Wao wakibadilisha kwa 2.350, napata dola 19 na senti 57. Zaidi ya asilimia 2 imekwenda, na kwenye mkataba haionekani kama komisheni. Dai programu inayoacha franka ibaki franka na dola ibaki dola, na inayokuruhusu kuandika mwenyewe bei ya dola kila asubuhi. Wakambisti, wale wanaobadilisha pesa, ninawajua, nitabadilisha mwenyewe nikitaka.

Komisheni yenyewe nayo isomwe vizuri. Asilimia wanayokutajia mara nyingi ni bila TVA (kodi ya ongezeko la thamani), ambayo kwetu ni asilimia 16. Asilimia 2 inakuwa 2,32.

Umeme ukikatika, simu yenye betri inaendesha programu bila shida. Mtandao wa simu ukilegea ndiyo kazi: malipo yanabaki "yanasubiri", mteja ameshakatwa, risiti haitoki, na yeye anakutazama. Kwangu hutokea, na mara nyingi dakika chache zinatosha. Kinachonifanya nibaki na programu hii ni kwamba ina mtu anayepokea simu kwa Kiswahili, hata Jumamosi, na anaweza kuona malipo yamekwama wapi. Kabla ya kusaini, piga namba yao ya msaada Jumamosi mchana, usikie.

Vijana wetu wanaotazama mafunzo ya YouTube wataona Stripe na Shopify Payments, huduma za nje za kupokea malipo mtandaoni. Hizo hazisajili biashara ya Congo, usipoteze muda nazo.

Jina la ninayotumia silitangazi, kwa sababu kinachofaa duka la saruji huenda kisifae saluni au mgahawa, ambako stoo si jambo kubwa na namba ya muuzaji ya mtandao mmoja wa simu inaweza kutosha. Kwangu naipa nne kwa tano. Ile moja inayopungua ni ya kurudisha pesa: programu inakubali kufuta malipo yote tu, haikubali sehemu. Nimewaandikia. Mpaka warekebishe, fundi akirudisha mfuko mmoja wa saruji kati ya kumi, namrudishia pesa yake mkononi na kuiandika pembeni.