Uzoefu wangu: kuhamisha vyombo kutoka Sinza hadi Mji Mkongwe (nyota 3 kati ya 5)

Nimehama mwezi wa 11 kutoka Sinza kuja Unguja, nyumba nimepata Kiponda, ndani ndani kabisa ya Mji Mkongwe, ghorofa ya pili. Kampuni iliyonihamisha siitaji jina, tumeshamalizana nao, ila nimeona niandike maana kila siku naona watu wanapata kazi huku wanadhani kuhamia Mji Mkongwe ni kama kutoka Sinza kwenda Tegeta. Siyo jamani.

Mazuri yao kwanza, kwa sababu yapo. Vijana walifika Sinza saa moja kasoro, wanne, wamekuja na maboksi yao na tepu na zile plastiki za vipovu, na wanajua kufunga vitu, sahani zangu zote 36 zimefika hakuna hata yenye ufa. Kila boksi wameliandika namba na chumba chake, boksi 23, halafu kila kitu kikaingia kwenye orodha, mpaka ndoo. Mi nikawa nawacheka kimoyomoyo, ndoo nayo inaandikwa, kumbe bandarini ile orodha ndo iliyonisaidia, ukaguzi wake ulikuwa mfupi, kilichoulizwa sana ni TV kwa kuwa bado ilikuwa kwenye boksi lake la dukani, risiti nilikuwa nayo ikaisha. Kwa hiyo risiti za vitu vipya kaa nazo kwenye mkoba wako, zisiende na mzigo.

Bei tulikubaliana laki tisa na nusu, hapo ndani kuna Kenta mpaka bandarini Dar, meli ya mizigo, na gari la kuutoa mzigo bandari ya Malindi mpaka kwangu. Nusu nikatoa advansi. Kwenye risiti wameandika kabisa MLANGO KWA MLANGO. Shikilia hayo maneno matatu.

Kosa lilianzia kwenye ile simu ya kwanza. Waliniambia niwatumie picha za vitu vyote kwa WhatsApp wapige hesabu, nikatuma kabati, sofa, friji, kitanda, dressing table, kila kitu. Hakuna aliyeniuliza mlango wa huko ninakokwenda una upana gani, ngazi zikoje, gari linaishia wapi. Na mimi nyumba nilikuwa nimeiona mara moja tu na dalali, macho yangu yote yalikuwa kwenye ule mlango wa nakshi na dari ya juu, nani anaangalia ngazi?

Basi mzigo ukafika Unguja siku ya Ijumaa. Wenyeji mtakuwa mmeshacheka. Gari limetoka bandarini saa nne na nusu, limefika Darajani karibu saa tano, pale ndo mwisho wake maana Kiponda haiingii gari, ni vichochoro, pikipiki yenyewe inapita kwa kuomba radhi. Darajani saa tano na soko limechangamka, hakuna pa kuegesha, dereva anapigiwa honi kila upande, akanigeukia akaniambia "dada sisi tumefika". Umefika wapi kaka, mlango wangu uko dakika sita kwa miguu na ukiwa huna kitu mkononi! Nikapiga ofisini Dar, yule dada wa simu, mpole sana, akaniambia mlango kwa mlango maana yake ni pale barabara inapoishia. Sasa hiyo si ingeandikwa "barabara kwa barabara"?

Vitu vikashushwa pembeni vikafunikwa turubai, dereva akaondoka. Kijana mmoja wa dukani, Mungu ambariki, akanitafutia mahamali, wanne na magari yao mawili ya mkono. Wakaja, wakabeba raundi ya kwanza, maboksi, na hapo saa sita imeingia, wakaniambia bibie tunakwenda Ijumaa, tukirudi tunaendelea. Huwezi kusema kitu, na wala hawakuwa na kosa, mwenye kosa ni aliyepanga siku. Nikakaa pale juu ya boksi la vitabu mpaka karibu saa nane nalinda friji, na mvua ya vuli ikanyesha dakika kumi hivi, ikatosha kulowesha godoro upande mmoja, turubai halikufika.

Kitu ambacho sitasahau ni mzee mmoja kati ya wale mahamali, wenzake wote wanamwita babu. Walipofika na kabati mlangoni kwangu, wenzake wanataka kulinyanyua, yeye akawaambia ngojeni. Akatoa kamba ya katani mfukoni, akapima upana wa kabati akapiga fundo, akapima kimo chake akapiga fundo la pili, akapanda ngazi na ile kamba peke yake. Nikamsikia huko juu anahema, kimya, kisha anashuka taratibu. Akaniuliza, "Bibie, kabati hili umelinunua au umerithi?" Nikamwambia nimenunua babu. "Basi afadhali. Halipandi hili. Ukilitia linafika kwenye kona ya pili linakwama, halendi mbele halirudi nyuma, mtalala njaa watu wa juu." Dakika tatu! Kampuni nzima na picha zangu 40 haikuliona, babu kaliona kwa kamba yenye mafundo mawili.

Kijana mmoja akatoa wazo tung'oe zile nondo za dirisha tulivutie juu kwa kamba. Mwenye nyumba alikuwepo, akaja juu, hapana, kwanza hizi nyumba ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukichokonoa kidogo unaondoka na ukuta, pili Mji huu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, kubadilisha dirisha au mlango unaomba ruhusa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Na tangu lile jumba la kale la Beit el Ajaib liporomoke upande mmoja Disemba 2020 watu wa huku mambo ya kuta hawana mzaha nayo. Na hata tungeng'oa, nyumba ya mbele iko karibu kiasi kwamba ukinyoosha fagio unagonga dirisha lao, hilo kabati lingening'inia wapi.

Kesho yake fundi seremala akaja akalifumua kabati pale chini, elfu 30, likapanda vipande vipande. Friji ilipanda mgongoni mwa mtu mmoja, mi nilifumba macho. Kitanda kiliingia vizuri ila chumba sasa! Hizi nyumba vyumba ni virefu lakini vyembamba, mwenye nyumba alinieleza kuwa dari zimebebwa na boriti za mikoko na mti wa mkoko una urefu wake, kwa hiyo upana wa chumba ndo urefu wa boriti, changu ni mita 2 na senti 70. Ukiweka sita kwa sita unabaki na kichochoro kingine humo humo ndani. Ningejua ningekiuza Sinza nikaja na nne kwa sita. Na kabati usiligandishe ukutani, acha nafasi ya kama vidole vinne, ukuta unatoa unyevu na chumvi, nguo zitanuka.

Mahamali wamekula laki na ishirini wote wanne, na nimewapa kwa moyo. Nikaidai kampuni, tukavutana wiki mbili, mimi nawatumia picha ya risiti na yale maneno matatu kila asubuhi kama salamu, mwisho wakarudisha elfu 60, na elfu 40 ya kioo cha dressing table kilichopata ufa ndani ya meli. Godoro hawakulipa, wanasema mvua siyo wao.

Kwa hiyo nyota 3. Kufunga na kusafirisha nawapa 5, kufikisha nawapa 1. Kama unahamia Ng'ambo, Michenzani huko, au Mbweni ambako gari linaingia mpaka uani, watumie bila wasiwasi. Kama ni ndani ya Mji Mkongwe, njoo mwenyewe kwanza na futi kamba, pima mlango ukiwa umefunguliwa mbao zote mbili, pima ngazi kwenye kona siyo pale panaponyooka, halafu tafuta mahamali kabla mzigo haujapanda meli mkubaliane bei ya kazi yote, siyo ya raundi. Na mzigo ufike Jumanne au Jumatano, alfajiri, Darajani pakiwa bado pamelala.

Ah, sofa. Sofa yenyewe haifumuki, ni ile ya kona, na babu aliipima kwa kamba ile ile akatikisa kichwa tu. Mpaka leo ipo chini kwenye ukumbi wa kuingilia, mwenye nyumba amekubali. Bibi wa chini akishasali alasiri anaikalia na kahawa yake, na mimi nikirudi kazini nikipita ananiambia njoo ukae mwanangu, usione haya, kama vile ni ya kwake.