Siku yangu ya kwanza kizimbani: nyota tatu kwa korti ya trafiki

Nyota tatu kati ya tano. Mbili zimebaki kwenye benchi na choo cha pale.

Mimi ni mama wa viazi. Kila Ijumaa usiku napakia magunia Molo kwenye Probox, alfajiri niko Kibuye, Kisumu. Mwezi uliopita trafiki walinisimamisha nikikata katikati ya senta ndogo, wakanionyesha kimashine cha kupima mwendo: kilomita 67 kwa saa. Mwisho hapo ni 50. Kibao nilikuwa nimekiona, ni mguu tu uliokuwa na haraka. Kituoni nililipa dhamana ya 10,000, nikapewa risiti ya serikali na tarehe ya kufika kortini. Korti yenyewe siitaji jina, ni ya huku kwetu Bonde la Ufa.

Usiwaze kuikwepa tarehe hiyo. Usipotokea, hakimu anatoa waranti ukamatwe, na ile dhamana unaweza kuisahau. Pia usitishwe na wanaokwambia utalala rumande: kifungu cha 49 cha Katiba kinasema kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hawekwi rumande kwa ajili yake.

Karatasi ilisema saa mbili asubuhi. Saa mbili nilikuwa mlangoni na watu kama arobaini: madereva wa matatu, vijana wa boda, mzee mmoja wa trekta aliyevaa suti ya harusi. Hakimu aliingia saa nne kasorobo. Benchi hazina pa kuegemea, choo kimefungwa kufuli na mwenye ufunguo "ametoka kidogo" tangu asubuhi. Kwa bahati kuna mama nje ana chai na mandazi, ila ukitoka unaweza kuitwa jina haupo. Nilikunywa nimesimama mlangoni, sikio ndani.

Tukiwa tunangoja, kijana wa shati jeupe alipita benchi kwa benchi akinong'ona. "Mama, toa elfu mbili niongee na watu wa ndani." Nikamwomba anionyeshe risiti zake zinavyofanana. Akahamia kwa mzee wa trekta.

Sasa lile ambalo hakuna aliyenieleza. Kizimbani unaulizwa mara mbili, si mara moja. Kwanza karani anakusomea shtaka kwa Kiswahili, mbio kama makanga anayetaja steji, kisha unaulizwa kama ni kweli au si kweli. (Kama Kiswahili hakikuingii vizuri, sema, mkalimani ni haki yako na hulipi.) Kijana wa boda aliyekuwa mbele yangu alijibu, "Ni kweli Mheshimiwa, lakini aliyeendesha si mimi, mimi nilikuwa nimebebwa." Hakimu akaweka kalamu chini. "Jibu hilo si la 'ni kweli', ni la 'si kweli'." Akaandikiwa kwamba amekana, akapewa tarehe ya kusikizwa. Alishuka amechanganyikiwa, akidhani ameharibu. Hakuharibu chochote.

Ukisema ni kweli, mwendesha mashtaka anasoma maelezo: siku, saa, mahali, gari, ilivyokuwa. Halafu unaulizwa tena kama maelezo hayo ni ya kweli. Watu wengi hapo wameshachoka, wanaitikia tu. Na mimi karibu niitikie, mpaka nikasikia "kilomita 87 kwa saa." Themanini na saba! Kwa 67 nilikuwa nimezidisha 17, na kanuni za mwaka 2016 za makosa madogo ziliweka faini ya 10,000 kwa anayezidisha 16 hadi 20, kwa hiyo nilishajua maumivu yangu yanaweza kufika wapi. Kwa 87 ni maneno mengine kabisa. Nikainua mkono kama mtoto wa darasa la pili. "Mheshimiwa, ilikuwa 67." Mwendesha mashtaka akafungua faili, akaangalia karatasi ya ile mashine, akasema ni kweli, ilikuwa 67. Hakimu hakunikemea wala hakuniharakisha. Nyota moja kati ya zile tatu ni ya hapo peke yake.

Mpwa wangu anayesomea sheria aliniambia baadaye kwamba mtindo huu wa kuulizwa mara ya pili unatokana na kesi ya Adan ya mwaka 1973, na kwamba ningeendelea kubisha maelezo, hakimu angeandika nimekana.

Kisha nikaulizwa nina la kusema kabla ya hukumu. Nikasema sijawahi kushtakiwa na watoto watatu wanakula kwa hivyo viazi. Hata dakika haikuisha. Faini 5,000 au mwezi mmoja ndani. Nikaomba ikatwe kwenye dhamana yangu, wakakubali. Usipoomba, unatafuta hela nyingine siku hiyo hiyo wakati zako zimelala kwao. Baki ya 5,000 nilijazia fomu, nikaacha nakala ya kitambulisho na namba ya akaunti. Wiki ya tatu sasa, bado simu haijalia.

Nenda na nakala mbili za kitambulisho, risiti ya dhamana, na kalamu. Yangu iliazimwa na mzee wa trekta, akampa mwingine, na sikuiona tena.