Jioni ya darubini na wanasayansi Mji wa Kale, mia tano yangu ilienda vizuri

Tangu Jumamosi nasema ntaandika, kazi hainiachi, acha leo niandike kabla sijasahau. Nlienda ile jioni ya kuzungumza na wanasayansi wa mambo ya sayari, kule Mji wa Kale, Mombasa, juu ya ghorofa moja linaloangalia bandari ya kale. Kiingilio mia tano, watoto mia mbili, walipa na M-Pesa pale pale mlangoni, na hapo ndani kuna kahawa chungu na kashata hulipii tena. Darubini ilikuwa moja, viti vya plastiki kama arobaini hivi, na upepo wa bahari ambao hakuna mtu alikuwa ameuhesabu.

Nianze na lililoniudhi nilimalize. Saa moja na nusu waliyotuandikia ikawa saa mbili na robo, na kuna wazee walitoka Likoni wakapanga foleni ya feri wafike mapema, si vizuri. Halafu mwanasayansi mmoja alikuwa kwenye skrini yuko Ulaya, azungumza Kizungu tupu na hakuna aliyewekwa kutafsiri, intaneti nayo ikawa yakatikakatika, mama aliyekaa karibu na mimi ikabidi nimtafsirie mimi. Na wallahi alichosema kilikuwa kitamu! Alisimulia kile chombo Huygens kilichoshuka Titan, mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali, tarehe 14 Januari 2005, kilikuwa chatuma picha kwa njia mbili za redio na chombo mama Cassini ndo chapokea, sasa amri ya kuwasha mtambo wa kupokea njia moja ikasahaulika kwenye orodha ya amri, basi zikafika picha kama 350 na nyingine kama hizo zikapotea moja kwa moja. Miaka saba njiani! Vipimo vya upepo vilikuwa kwenye hiyo njia iliyozimwa, vikaja kuokolewa kwa sababu darubini za redio huku duniani zilikuwa zimenasa ule mlio mdogo wa Huygens wenyewe. Mama alinishika mkono akaniuliza, "Na wamekubali kusema hivo mbele za watu?" Ndio mama, wamekubali, na mimi hapo ndo nlipowaheshimu.

Lakini kilichonifanya niandike hapa ni yule dada mwanasayansi, mtu wa pwani hii hii, na babu mmoja mvuvi.

Dada alikuwa aeleza Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, kwamba juu ni barafu tupu na chini yake yaaminika kuna bahari ya chumvi ambayo huenda ina maji mara mbili ya bahari zote za dunia tukizijumlisha. Babu akainua mkono. "Mwanangu, hayo maji ya huko yana bamvua?" Watu wakacheka, vijana wa nyuma hasa. Dada hakucheka. Akamwambia, "Shikamoo babu, hilo swali lako ndo lenyewe," akaacha slaidi zake akafuata mahali babu alipokaa.

Akatoa waya wa hanga, akaukunja akaukunjua pale pale mara ishirini hivi, haraka haraka, halafu akampa babu auguse na mdomo wa juu. Babu akaruka kidogo, "Una moto!" Ndo hivo, dada akasema. Huku kwetu mwezi na jua vikivuta pamoja maji yajaa sana na kutoka sana, ndo hiyo bamvua, na usiku ule wenyewe ulikuwa wa mwezi mpevu, ukiangalia chini waona mashua zimelala ubavu kwenye matope. Sasa Mshtarii ni jitu, na Europa yaizunguka kwa siku tatu na nusu tu, na njia yake si duara kamili manake miezi wenzake Io na Ganymede waivutavuta, basi mara yasogea karibu mara yaenda mbali, na kila ikisogea yaminywa na kila ikienda mbali yaachiwa, kama ule waya, na moto wa kuminywa huko ndo huzuia maji yasigande yote. Io iko karibu zaidi yaminywa zaidi, imejaa volkano. Mwaka 1979 wanasayansi watatu, Peale, Cassen na Reynolds, walitoa hesabu yao mwanzo wa Machi kwamba ndani ya Io lazima kumeyeyuka, na kama wiki moja baadaye mhandisi Linda Morabito akaona kwenye picha ya chombo Voyager 1 moshi wa volkano umeinuka juu ya Io. Babu muda wote ameshika ule waya. Akasema, "Kwa hivyo bamvua ndo yawapikia." Hapo hakuna aliyecheka tena.

Kijana mmoja akauliza mbona hawatui wakachimba. Akajibiwa kwamba safari ya chombo Europa Clipper ilirushwa Oktoba 14, 2024, yatarajiwa kufika 2030, na hata kuizunguka Europa yenyewe haitaizunguka, itapita karibu yake karibu mara 50 na kutoka, kwa sababu mionzi ya Mshtarii ni mikali yaua mitambo. Kutua ni safari nyingine kabisa.

Mwalimu mstaafu wa fizikia alisema machache lakini nlifurahi aliposema setilaiti ya Uhuru ilirushwa kwenye jukwaa la San Marco hapo baharini Malindi, Desemba 12, 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ndo ikapewa hilo jina. Watoto wetu wapita Malindi kila likizo na hawaambiwi.

Darubini yenyewe: Mshtarii niliuona na mikanda yake miwili na miezi yake imejipanga mstari kama shanga. Mwezi wetu sikufaidi sana, umejaa mno hauna vivuli, mashimo hayaonekani vizuri, dada mwenyewe alisema nusu mwezi ndo mzuri. Kwa hivyo ombi langu kwa waandalizi: nyingine mwiweke siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mtafute mtu wa kutafsiri, na muanze saa mliyosema.

Nawapa nne kwa tano. Mkienda bebeni leso au koti, kule juu kuna baridi, na kaeni mbele mkaribie maswali. Nlipokuwa nashuka ngazi babu alikuwa bado ukutani na yule dada, sasa babu ndo anayefundisha, amwonyesha kilimia, kile kishada cha nyota, kinapochomoza na upepo gani huja nacho, na dada aandika kwenye simu.