Bibi yangu alinyimwa kiti katika soko la Idi Mtwara, kisha akatakiwa apigwe picha

Nimesubiri hasira ipungue ndipo niandike, na haijapungua. Soko la sikukuu lililofanyika msimu wa Idi uliopita, katika uwanja mmoja wa wazi hapa mjini Mtwara, lilitangazwa mitaani kwa gari la spika kuwa ni soko la makabila na mataifa yote, mahali ambapo familia itakula, itanunua na kucheza ngoma pamoja. Kwa sehemu kubwa tangazo hilo lilikuwa la kweli. Wanaotaka kujua kiingilio na saa za kufungua wataelezwa na wengine. Mimi nataka kueleza jinsi bibi yangu mzaa mama, mwanamke wa Kimakonde aliyeteremka kutoka Newala kuja kula Idi na vitukuu wake, alivyotendewa na watu waliopewa dhamana ya kupokea wageni.

Nianze na haki ya wafanyabiashara, kwa sababu wao hawakunikosea kitu. Wanawake wa Mikindani walikuwa na vitumbua, mikate ya kumimina, halwa na pweza aliyechomwa vizuri bila kuwa mgumu. Wauza korosho walikuwa wanakaanga palepale, kwa hiyo ulinunua za moto. Mbele kidogo palikuwa na sambusa na bajia za familia za Kihindi zenye maduka mjini, na upande wa pili akina mama waliouza ming'oko, yaani mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili, chakula ambacho wanangu waliozaliwa mjini walikuwa wanakisikia tu midomoni mwa wakubwa. Wapo pia waliovuka kutoka Msumbiji kupitia Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lile lililofunguliwa mwaka 2010, wakiwa na vitenge vyao ambavyo wenyewe huviita kapulana. Mto Ruvuma ni mpaka wa nchi, lakini Wamakonde na Wamakua wanaishi kingo zote mbili, kwa hiyo wengi wa wageni hao ni ndugu kuliko wanavyoonekana kwenye pasi zao za kusafiria. Mwanangu wa kiume aliganda kwenye banda la vinyago, mbele ya kinyago cha ujamaa chenye watu waliobebana kuanzia chini mpaka juu, na mchongaji alimwacha akishike, akamwonyesha kwa kidole kwamba wote wale wametoka katika gogo moja la mpingo lisilo na kiungo. Hakutudai kununua. Mpaka hapo ningewasifu walioandaa soko hilo bila kusita.

Alasiri magoti ya bibi yalianza kumsumbua. Umri wake umepita miaka themanini na tulikuwa tumetembea sana. Katika uwanja mzima hapakuwa na benchi hata moja kwa ajili ya watu wa kawaida. Palikuwa na turubai kubwa mbele ya jukwaa, na chini yake safu za viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, karibu vyote vitupu, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa bado hajafika. Nilimkalisha bibi kwenye kiti cha pembeni kabisa, safu ya nyuma, nikampa maji. Kabla hajameza funda la pili akafika kijana wa itifaki, mwenye fulana ya waandaaji na kitambulisho shingoni. Hakuamkia. Huku kwetu Kusini mtoto akimpita mzee bila kumpa shikamoo huitwa arudi aamkie, na huyu alikuwa mtu mzima mwenye ndevu.

“Kadi yako iko wapi? Hivi ni viti vya waalikwa.”

Mume wangu alimsihi kwa upole. “Ndugu yangu, huyu ni mzee. Apumzike kidogo tu, mgeni akifika tutampisha.”

“Mimi nimeagizwa. Asimame.”

Bibi hakungoja tubishane. Alishika bega langu, akainuka, na kabla ya kuondoka akakipangusa kile kiti kwa ncha ya kanga yake, ili atakayekikalia asikute vumbi lake. Nilimtazama yule kijana nikitumaini kwamba angalau hilo litamgusa. Alikuwa tayari amegeuka anainyoosha safu.

Ningeweza kuyasamehe hayo. Amri ni amri, na vijana wengi wa itifaki hupewa fulana asubuhi na kuambiwa wafukuze watu bila kufundishwa kitu kingine. Nisichoweza kukisamehe ni kilichofuata.

Uso wa bibi yangu una nembo alizochanjwa akiwa msichana, mistari iliyokatwa kwa kisu na kusuguliwa mkaa ili weusi wake usitoke, na mdomo wake wa juu bado una tundu la ndonya, kile kipande cha mti kilichovaliwa mdomoni kama pambo, ingawa ndonya yenyewe aliacha kuivaa zamani. Wanawake wa rika lake wenye alama hizo wamebaki wachache. Mwanamke wa namna hiyohiyo, mwenye nembo na ndonya, alikuwa amechapishwa kwenye bango kubwa kuliko yote uwanjani, chini yake pameandikwa maneno ya kujivunia utamaduni wetu. Turubai la waalikwa lilikuwa limefungwa kwenye nguzo ya bango hilo.

Baada ya muda waliingia wageni kutoka nje ya nchi wakiwa na kamera kubwa, na yule yule kijana akaja mbio mpaka tulipokuwa tumesimama kwenye kivuli cha mwembe. Safari hii alikuwa anatabasamu.

“Bibi, shikamoo! Njoo usimame pale kwenye banda la Wamakonde, wageni wanataka kupiga picha na wewe.”

Hakungoja jibu. Alimshika bibi kifundo cha mkono na kuanza kumwongoza, naye bibi akajifunika mdomo kwa kanga. Binti yangu, aliye darasa la tano, akaniuliza kwa sauti, mbele ya huyo kijana na mbele ya wageni, kwa nini sasa anamwamkia na mwanzo hakumwamkia. Sikuwa na jibu la kumpa mtoto. Niliutoa ule mkono kwenye mkono wa bibi yangu na kumwambia kijana aende akawapige picha wanaokalia viti.

Msimamizi wake aliitwa, na nikadhani mtu mzima ataelewa. Aliniambia hivi: “Mama, leo sikukuu, tusiharibiane siku. Kijana anafanya kazi yake. Tena kupigwa picha ni heshima kwa bibi, na tutampa soda.” Soda! Mwanamke aliyelea watoto na wajukuu kwa jembe la mkono juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yalikuwa yanafuatwa bondeni na kupandishwa kichwani, anahitaji kupewa soda ili uso wake uwapendeze waalikwa, lakini hahitaji kiti. Nilimuuliza kama mama yake mzazi angeinuliwa kitini namna ile. Akatazama simu yake.

Aliyetuokoa alikuwa mama mmoja wa Kimakua kutoka Msumbiji, muuza kapulana, ambaye uso wake ulikuwa umepakwa msiro, ile rangi nyeupe inayopatikana kwa kusugua kijiti juu ya jiwe lenye maji. Aliona yote. Aliinuka kwenye kigoda chake, akakiweka kivulini, akapiga goti kumwamkia bibi, na yeye mwenyewe akakaa chini juu ya mkeka alikopanga bidhaa zake. Kumbe alikulia jirani na Wamakonde wa upande wa Mueda, kulekule Msumbiji, kwa hiyo Kimakonde anakisema vizuri. Walizungumza mpaka jua likashuka. Alimnunulia bibi ming'oko kutoka kwa jirani yake wa biashara na kukataa kabisa fedha yangu, na bibi alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ateremke kutoka Newala. Ngoma ya sindimba ilipoanza, alipiga makofi akiwa amekaa palepale, huku wanangu wakicheza mbele yake.

Nilikusudia kuandika kwamba watu wasikanyage katika soko hilo, lakini nikimfikiria mama yule, mchongaji wa vinyago na wauza pweza wa Mikindani, naona nitakuwa ninawaadhibu watu waliotupokea vizuri kwa makosa ya wenye fulana. Basi nendeni, nunueni kwao, na mkiwa na mzee bebeni kiti chenu kutoka nyumbani.

Hapana, sentensi hiyo ya mwisho inanikera mimi mwenyewe niliyeiandika. Kwa nini mzee abebe kiti? Viti vya plastiki hukodishwa katika kila mtaa wa mji huu kwa ajili ya harusi na misiba, na hakuna familia maskini kiasi cha kuwasimamisha wazee kwenye shughuli yake. Nilipiga namba iliyoandikwa nyuma ya tiketi nikayaeleza haya yote, nikajibiwa kwamba suala langu limepokelewa na litafanyiwa kazi, na mpaka leo sijapigiwa simu. Kwa hiyo ninabadili hukumu yangu na kuiacha hivi: chakula na watu wa mabanda nawapa sifa zote, waandaaji siwapi kitu. Wakipanga viti vya wazee, kivulini, visivyodaiwa kadi, nitamleta bibi yangu Idi nyingine kama Mungu atatuweka hai. Wasipopanga, wanangu watakula pilau nyumbani, na kapulana nitazifuata Mtambaswala kwenyewe.