Dawa ya kupuliza ya nanoemulsheni ya karafuu: soma asilimia ya mafuta kwanza

Nanoemulsheni ni matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanywa majini; hapa ni ya karafuu, hupulizwa kwenye meza na nyuso nyingine kuua bakteria. Lebo za dawa hizi hupenda kutangaza udogo wa matone: nanomita 50, nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Udogo una kazi yake. Mafuta ya karafuu hayachanganyiki na maji. Ukiyatikisa tu yatajitenga, na mpulizo mmoja utatoa maji matupu na mwingine mafuta makali. Tone likiwa chini ya nanomita 200, mchanganyiko hutulia na kipimo kinakuwa sawa kila ukibonyeza. Hata hivyo, muuaji wa bakteria ni yujenoli, kemikali kuu iliyomo kwenye mafuta yenyewe. Hujipenyeza kwenye utando wa seli hadi utando ukavuja. Chupa isiyotaja asilimia ya mafuta haifai kununuliwa, hata kama matone yake ni madogo namna gani.

Kasoro inayojitokeza zaidi ni polisobeti 80 kuzidi. Hiki ndicho kiungo kinachoyashika mafuta na maji pamoja, na kadiri kinavyoongezwa ndivyo dawa inavyokuwa angavu kama maji. Lakini ziada yake huyafungia mafuta, yakabaki machache ya kuwafikia bakteria. Uwiano wa kuanzia unaoeleweka ni mafuta gramu 5, polisobeti gramu 10, maji yaliyokenekwa gramu 85. Mafuta na polisobeti huchanganywa kwanza, kisha hudondoshwa taratibu kwenye maji yanayokorogwa. Kumimina kwa pupa huzaa matone makubwa na rangi ya maziwa. Ikitumika mashine ya mawimbi ya sauti, chombo kikae kwenye barafu, kwa sababu joto hupeperusha mafuta.

Kasoro ya pili huja baada ya wiki kadhaa: matone makubwa hula madogo. Sehemu ndogo ya mafuta huyeyuka majini na kuhamia kwenye matone makubwa. Dawa iliyokuwa na wingu la samawati huwa nyeupe, kisha pete ya mafuta hujitokeza shingoni mwa chupa. Kuchanganya karafuu na mafuta ya mahindi kabla ya kutengeneza huzuia hali hiyo, ila sehemu ya yujenoli hubaki humo na makali hupungua. Bora hasara hiyo kuliko chupa iliyojitenga.

Kwa utendaji, bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hudhibitiwa kwa urahisi kuliko Escherichia coli, yenye utando wa nje wa ziada. Pseudomonas aeruginosa ni sugu zaidi, na kwa mbegu za bakteria (spora, hali yao ya kujificha ndani ya ganda gumu) usitegemee dawa hii. Mafuta ya chakula na protini huivuta yujenoli, kwa hiyo uso uoshwe kwa sabuni na kusuuzwa kabla ya kupuliza. Kisha uachwe na unyevu kwa muda wote uliotajwa kwenye lebo. Kupuliza na kufuta papo hapo ni kupoteza dawa.

Mtengenezaji akionyesha picha za karatasi yenye dawa kwenye sahani ya bakteria, muulize kipimo cha kimiminika, yaani bakteria wakiwa ndani ya mchuzi wenye dawa. Mafuta husambaa vibaya kwenye jeli ya sahani hiyo, hivyo duara dogo lisilo na bakteria kuzunguka karatasi halimaanishi dawa dhaifu. Muulize pia kama polisobeti na maji bila mafuta vilipimwa kando.

Chupa iwe ya kioo cheusi, si ya plastiki ya polistireni, maana yujenoli huilainisha. Isipulizwe karibu na paka, wala kwenye ngozi yenye mchubuko. Kwa meza na mbao za kukatia zilizokwisha oshwa, inastahili nafasi. Kwa vifaa vya tiba, hapana.