Kadi ya Grafiki kwa Chumba cha Nyuzi 31: Anza na Feni

Aliyegundua ubovu wa kadi yangu ya grafiki, kile kipande cha kompyuta kinachochora picha za gemu, ni mama. Alikuja kukaa kwangu wiki mbili, nikamtandikia kwenye chumba chenye kompyuta, na asubuhi ya pili akaniuliza: "Mwanangu, humo ndani ya kompyuta hamna panya kweli?" Nikacheka. Usiku ule nikakaa naye gizani tukasikiliza. Krr. Viiii. Kimya. Haipiti dakika mbili: krr, viiii, kimya. Wala sikuwa nacheza gemu. Kompyuta ilikuwa inashusha faili tu.

Kadi yenyewe ilikuwa RTX 3060, yenye chipu ya Nvidia na memori ya GB 12, ya mtumba, feni mbili, chapa siitaji. Niliilipia laki saba Kariakoo kwa kijana aliyeniapia kwamba imetoka ofisini. Kabla ya kununua nilisoma na kutazama kila mapitio niliyoyapata, na yote yaliisifu kwa ukimya. Hayakuwa ya uongo. Tatizo ni kwamba wapimaji wengi wako Ulaya na Marekani, na chumba chao kina nyuzi 21 hadi 24. Changu, Tabata, Dar es Salaam, mwezi wa pili, saa tatu usiku na madirisha wazi, kina 31.

Hapo ndipo wengi wetu wa pwani tunapoliwa. Kipoozi cha kadi hakina baridi yake chenyewe, kinachukua hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye mapezi ya alumini. Hewa ikiwa na joto zaidi kwa nyuzi tisa, kadi nayo inapanda karibu nyuzi tisa kama kasi ya feni haibadiliki. Kadi iliyoandikwa nyuzi 68 kwenye mapitio itakuwa 77 kwako. Lakini feni hazikubali kubaki pale pale, zinaongeza mbio, na ile hesabu ya desibeli uliyoiamini inakuwa imekufa. Desibeli 10 zikiongezeka, sikio linasikia kama kelele imezidi mara mbili.

Hiyo ni kelele ya kucheza, nayo inavumilika ukivaa hedifoni. Kinachonikera mimi, na sioni kikiandikwa popote, ni kelele ya kutocheza.

Karibu kila kadi ya siku hizi inazima feni zake kabisa ikiwa haina kazi. Kwa kawaida zinaamka chipu ikifika kati ya nyuzi 50 na 60, kutegemea mtengenezaji. Kwenye chumba cha baridi kadi isiyo na kazi inakaa 38 huko, mbali na huo mpaka, feni zinalala usiku kucha. Kwetu inakaa 48, 50, mlangoni kabisa. Ukifungua video moja inavuka, feni zinaamka, kadi inashuka, feni zinalala, kadi inapanda tena. Na feni iliyosimama haianzi taratibu. Inahitaji kusukumwa kwa umeme mwingi kidogo ndipo izunguke, na huo ndio mkoromo alioudhania mama kuwa panya. Ukiwa na skrini mbili hali ni mbaya zaidi, maana memori ya kadi mara nyingi inagoma kushusha kasi, na wati zinaendelea kuliwa bure huku LUKU ikihesabu.

Sasa angalia beringi. Feni za bei rahisi zina beringi ya bushi, ile ambayo ekseli inazunguka ndani ya mafuta. Bushi inaumia zaidi wakati wa kuanza na kusimama kuliko wakati wa kuzunguka, na joto linakausha mafuta yake. Kwa hiyo kadi inayolala na kuamka mara mia kwa siku inajimaliza yenyewe. Beringi ya gololi ina mvumo kidogo, lakini inadumu. Ukiwa pwani chukua gololi. Ukiwa Arusha au Njombe, pengine nakusumbua bure.

Sitaandika kuhusu taa za rangi, wala urefu wa waranti ambayo hapa hakuna wa kukuheshimia. Kasi nitaigusa kidogo tu, kwa sababu kwa skrini ya 1080p, yaani Full HD ya kawaida, kadi nne za hapa chini zote zinakuchezesha vizuri.

Ya kwanza: Pulse RX 7600 ya kampuni ya Sapphire, yenye chipu ya AMD. Ndiyo, nina upendeleo, na siuombei radhi. Kaka yangu alikuwa na Nitro+ RX 580 ya Sapphire. Feni moja ilipoanza kulia tulifungua skrubu moja, tukaichomoa, tukachomeka nyingine, chai ikiwa bado moto. Sapphire walianza mtindo huo kwenye Nitro+ za RX 480 mwaka 2016, na hadi leo sielewi kwa nini kila kampuni haikuiga. Kwenye kadi yangu ya laki saba, kufikia feni ni kufungua kipoozi kizima, kuvua pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na kipoozi, na kuomba Mungu. Pulse haina makeke: feni mbili, kipoozi cha ukubwa wa heshima, plagi moja ya pini nane. RX 7600 inakula wati 165, nyingi kuliko ningependa, na kizazi hiki cha AMD kilipigiwa kelele kwa kula umeme skrini zikiwa mbili. Nakiri. Lakini ndani ya programu ya AMD yenyewe unazima ule usingizi wa feni kwa kubonyeza mara moja. Feni zinazunguka polepole muda wote, hazikoromi, na unausahau mpaka huo wa nyuzi 50 kama haujawahi kuwepo.

Ya pili: RTX 4060. Kwa hesabu tupu ndiyo inayofaa chumba cha joto: wati 115 tu. Joto lisilozalishwa halihitaji feni. Ina pia uwezo wa kubuni fremu za ziada, yaani picha zaidi kila sekunde, kwenye gemu zinazoukubali. Kwa nini basi si ya kwanza? Kwa sababu watengenezaji waliona wati 115 wakaamua hata kipoozi cha kopo la sadolini kitatosha. Zipo za feni moja ndogo inayolia kama mbu. Chukua yenye feni mbili, kipoozi kirefu, na uibebe mkononi kabla ya kulipa: nyepesi sana ujue hakuna chuma ndani. Ule usingizi wa feni utaurekebisha kwa programu ya MSI Afterburner. Chora mstari wako wa feni, weka kasi ya chini ya kudumu, na uongeze nafasi ya nyuzi kadhaa kati ya kuamka na kulala.

Ya tatu: RX 6600. Wati 132, mtumba wake unapatikana, na kwa mpira na mbio za magari humalizi uwezo wake. Funga fremu ziwe 60 kwa sekunde kama skrini yako ni ya 60, uone joto linavyoshuka. Hiyo hufanya kazi kwenye kadi yoyote, na haina gharama.

Ya nne: RTX 3060. Wati 170. Kadi nzuri iliyoangukia mikono mibaya. Hakikisha ni ya GB 12, kwani mwishoni mwa 2022 ilitoka ya GB 8 yenye njia nyembamba ya memori, na wapo wanaokuuzia hiyo kwa bei ya ile kubwa.

GTX 1650 sifa yake ni moja tu: nyingi hazihitaji plagi ya ziada. RX 580 inakula wati 185 na ni ya 2017, niachie.

Nirudi kwa yule kijana wa Kariakoo na kiapo chake cha "imetoka ofisini". Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa, yaani kupatikana kwa kupigisha kompyuta hesabu, kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zinazunguka saa 24 kwa miezi zikamwagwa sokoni duniani kote. Chipu mara nyingi ni nzima. Feni ndizo zimekwisha, na pesti imekauka. Hakuna muuzaji anayesema hivyo. Zote zimetoka ofisini. Ofisi gani hizo jamani, zenye wahasibu wanaofanyia kazi RTX 3060?

Ukiomba kupima, muuzaji anakuwashia Windows, unaona picha ya mlima, anakuambia unaona, nzima. Kataa. Nenda na programu kwenye flashi: GPU-Z ikuonyeshe kama jina la kadi limebandikwa, kwa sababu zile za bandia inaziandika wazi, na HWiNFO ikuonyeshe joto. Endesha gemu nzito dakika ishirini. Linganisha joto la kawaida la chipu na lile la sehemu yake yenye moto zaidi: tofauti ikizidi sana nyuzi 20, pesti imekufa, punguza bei. Kisha simamisha gemu, acha feni zilale, ziamshe tena, weka sikio. Mwenye duka akisema unapoteza muda wa wateja, wewe si mteja wake.

Na bei. RTX 4060 ilizinduliwa kwa dola 299, RX 7600 kwa 269. VAT yetu ni asilimia 18, usafiri upo, faida ni haki ya mfanyabiashara. Nimepiga hesabu hizo kwenye karatasi mara tatu na hazijawahi kufika kwenye bei niliyotajiwa dukani. Nilipouliza nikaambiwa dola imepanda. Wiki ambayo dola ilishuka nilirudi. Bei ilikuwa ile ile, dola haikutajwa.

Ile 3060 bado ninayo. Niling'oa feni zake na plastiki yote, nikafunga feni mbili za kasha la kompyuta, za sentimita tisa, kwa vibana vya waya, imekuwa kimya kabisa na mbaya kuitazama. Mwezi uliopita nikaitangaza kuiuza. Mtu wa kwanza kupiga simu aliniuliza kama imetoka kwenye uchimbaji. Nikamwambia ninavyojua mimi, imetoka ofisini. Akakata.